Kioo cha Mchomeleaji: Kutoka Matanuri ya Ufipa hadi Karakana za Litapunga

Litapunga ni kata ya Halmashauri ya Wilaya ya Nsimbo, katika mkoa wa Katavi uliomegwa kutoka mkoa wa Rukwa mwaka 2012, na historia ya ufundi wa vyuma mahali hapo haiwezi kutenganishwa na ile ya nchi nzima ya Mpanda, ambayo kwa nyakati mbalimbali imekuwa njia ya majembe, eneo la machimbo, kituo cha mwisho cha reli na makazi ya wakimbizi. Katika nchi hiyo, kama ilivyo kwingineko Tanzania, fundi wa kuchomelea, yaani yule anayeunganisha vipande vya chuma kwa kuviyeyusha kwa umeme au kwa gesi, ni mtu wa lazima: ndiye anayetengeneza mageti na grili za madirisha, anayefufua plau iliyovunjika, anayeunga fremu ya baiskeli, tela la kukokotwa na ng'ombe na karasha la kusagia mawe ya dhahabu. Historia ya kazi yake kwa kawaida husimuliwa kwa kufuata mashine na umeme. Hapa inafuatwa kwa njia ya kioo kinachokaa mbele ya macho yake, kwa sababu kioo hicho kinaeleza jambo ambalo mafunzo mengi ya usalama kazini huliruka: kwamba fundi aliyechomelea bila kinga mara nyingi hakufanya hivyo kwa ujinga wala kwa ukaidi, bali kwa sababu kinga yenyewe ilimnyima kuona katika nukta ileile aliyohitaji kuona kuliko nyingine zote.

Ili kulielewa hilo ni lazima kuanza na moto wa zamani. Kusini mwa Mpanda, katika nyanda za juu za Ufipa, uyeyushaji wa chuma kwa njia za jadi uliendelea hadi miongo ya katikati ya karne ya 20, ukadumu kuliko katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki. Wafipa walijenga matanuri marefu ya udongo yaliyoitwa malungu, yaliyozidi kimo cha mtu, ambayo hayakuhitaji mivukuto kwa kuwa hewa ilijivuta yenyewe kupitia matundu yaliyozunguka kitako chake. Bonge la chuma lililopatikana humo, likiwa bado limechanganyika na mavi ya chuma, yaani taka zinazobaki madini yakishayeyushwa, lilihamishiwa katika tanuri dogo lililoitwa kintengwe, likasafishwa kwa moto wa mivukuto, kisha likafuliwa kuwa jembe, shoka au mkuki. Wamisionari waliyaandika mambo hayo tangu mwanzoni mwa karne ya 20, na baadaye Bertram Mapunda, mwanaakiolojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alionyesha kwamba malungu hayakuwa ufundi pekee wa eneo hilo, kwani upande wa mwambao wa Ziwa Tanganyika kulikuwa na matanuri mafupi ya aina nyingine yanayojulikana kama katukutu.

Katika ufundi huo wote jicho lilikuwa ndicho kipimo. Mhunzi hakuwa na kifaa cha kupimia joto isipokuwa rangi ya chuma chenyewe, ambacho huanza kuwa chekundu kwa unyonge karibu na nyuzi 600 za Selsiasi, kikafikia rangi ya machungwa kati ya nyuzi 900 na 1,000, na kuelekea weupe kinapopita nyuzi 1,200. Aliyejua kusoma rangi hizo alijua lini apige nyundo na lini arudishe kipande motoni. Kijana aliyejifunza uhunzi alijifunza kwanza kutazama. Moto wa makaa una madhara yake kwa macho, hasa kwa joto linaloyapiga kwa miaka mingi, lakini kwa nyuzi hizo hautoi kwa wingi ile mionzi mikali inayounguza jicho kwa dakika chache. Kwa hiyo desturi ya kuutazama moto kwa macho makavu, iliyorithishwa kwa vizazi, ilikuwa desturi ya busara kwa moto uliokuwepo. Tatizo lilianza pale ulipokuja moto wa aina nyingine kabisa, ambao mafundi waliukabili kwa adabu ileile ya kutazama.

Moto huo mpya ulifuata madini na reli. Dhahabu ilikuwa ikichimbwa katika nchi ya Mpanda tangu miaka ya 1930, lakini kilichobadilisha sura ya eneo ni mgodi wa risasi, madini yaliyochanganyika na fedha, shaba na dhahabu, uliomilikiwa na kampuni ya Uruwira Minerals. Kwa ajili ya mgodi huo ilijengwa reli ya tawi kutoka Kaliua, kwenye Reli ya Kati, hadi Mpanda, umbali wa kilomita 210 hivi, na ikafunguliwa mwaka 1950. Mgodi wenye mashine za kusaga na kuchenjua mawe hauwezi kudumu bila karakana yake wenyewe, wala reli haiwezi. Na katika karakana za namna hiyo kote Tanganyika uchomeleaji wa gesi na wa umeme ulikuwa kazi ya kila siku, ukitegemea mitungi ya oksijeni na asetilini kutoka Dar es Salaam. Kampuni iliyotengeneza gesi hizo tangu zama za ukoloni ndiyo iliyokuja kuitwa Tanzania Oxygen, na mwaka 1998 ikawa kampuni ya kwanza kuorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, jambo linaloonyesha jinsi kazi hii inayodharauliwa barabarani ilivyo karibu na kiini cha uchumi wa nchi. Mgodi wa Mpanda ulifungwa mwaka 1960. Reli ilibaki, na pamoja nayo vyuma chakavu na haja ya kuvitengeneza.

Uchomeleaji wa gesi na ule wa umeme hufanana kwa matokeo, lakini kwa macho ni vitu viwili vilivyo mbali mno. Katika ule wa gesi, asetilini huchomwa pamoja na oksijeni na kutoa ulimi wa moto wa nyuzi 3,000 hivi, ambao ni mkali lakini hutoa mionzi ya urujuanimno kidogo, yaani ile mionzi isiyoonekana iliyo nje ya rangi ya urujuani na inayounguza ngozi na macho. Katika ule wa umeme, rodi ya chuma iliyopakwa dawa hugusishwa kwenye kipande na kuinuliwa kidogo, umeme ukaruka katika mwanya huo na kutengeneza tao la umeme, mwanga mweupe wenye joto kubwa zaidi na wenye urujuanimno tele. Madhara yake yalijulikana hata kabla haujatumika kuunganishia vyuma: mwaka 1858 tabibu Mfaransa Jean-Martin Charcot alieleza jinsi watu waliofanya majaribio ya tao la umeme walivyoungua ngozi na kuumwa macho. Nikolai Benardos na Stanisław Olszewski walianza kuunganisha vyuma kwa tao hilo katika miaka ya 1880, na mwanzoni mwa karne ya 20 Msweden Oscar Kjellberg akabuni rodi iliyopakwa dawa, ambayo ndiyo mama wa rodi zinazouzwa leo katika kila duka la vifaa mjini Mpanda.

Kioo cha kukinga kilitokana na wasiwasi wa kazi nyingine. Mwanakemia Mwingereza William Crookes, akitafuta kinga kwa wafanyakazi wa viwanda vya vioo waliokuwa wakipata mtoto wa jicho, alijaribu michanganyiko mamia kadhaa na mwaka 1914 akachapisha matokeo yake kuhusu vioo vinavyozuia joto na urujuanimno bila kuondoa mwanga wote. Kutoka katika utafiti wa aina hiyo kilizaliwa kioo cheusi cha kijani ambacho wachomeleaji wa dunia nzima wamekitumia kwa karne nzima, na pamoja nacho ukatokea utaratibu wa kukipima kwa namba ya giza. Namba hiyo si ya mapambo. Imejengwa kwa hesabu ambayo kila hatua saba huongeza giza mara elfu moja: kioo cha namba 3 hupitisha karibu asilimia 14 ya mwanga, cha namba 5 chini kidogo ya asilimia 2, na cha namba 10 sehemu moja tu kati ya 7,000 hivi. Miwani ya gesi, ambayo kwa kawaida ni ya namba 5, kwa hiyo hupitisha mwanga takribani mara 140 zaidi ya kioo cha tao la umeme cha namba 10, na miwani ya jua ya kawaida yenye giza, inayopitisha kati ya asilimia 8 na 18, huupitisha mara mia kadhaa hadi zaidi ya elfu moja kuliko kioo hicho. Hesabu hii inastahili kukaziwa, kwa kuwa miwani hizo mbili, ya gesi na ya jua, ndizo zilizokaa usoni mwa mafundi wengi wa Afrika Mashariki walipokuwa wakichomelea kwa umeme, na nyingine bado zipo.

Kwa nini fundi mwenye akili timamu avae miwani ya jua mbele ya tao la umeme? Jibu liko katika mfuatano wa kazi yenyewe. Kioo cha namba 10, kabla tao halijawaka, ni sawa na ukuta: aliyekivaa haoni kipande, haoni rodi, haoni mstari aliouchora kwa chaki. Lazima ashike rodi mahali pake huku kofia yenye kioo hicho ikiwa imeinuliwa, kisha aishushe kwa kutikisa kichwa, na katika mtikisiko huo mkono husogea. Akigusisha rodi gizani hukosa mahali, akaacha kovu kwenye bomba la mteja au rodi ikaganda. Anayetumia ngao ya mkononi hupoteza mkono mmoja ambao ungeshika kipande. Katika kiwanda kikubwa, ambako mshono mmoja wa mita nzima huchomelewa kwa pumzi moja, usumbufu huo ni mdogo. Katika karakana ya kijijini, ambako grili moja ya dirisha ina viungo vidogo vidogo vingi na kila kiungo ni mguso wa sekunde mbili tatu, kofia ingepaswa kuinuliwa na kushushwa siku nzima. Hapo fundi huamua kufumba macho anapogusisha, au kugeuza uso, au kuvaa miwani ya jua inayomwezesha kuona kabla na baada, na kumwumiza katikati. Uamuzi huo ulikuwa na mantiki, ingawa gharama yake ililipwa usiku.

Gharama hiyo kila mchomeleaji anaijua. Urujuanimno huunguza konea, yaani utando mwangavu ulio mbele ya jicho, na maumivu hayaji papo hapo bali baada ya saa kadhaa, mara nyingi kati ya 6 na 12, fundi akiwa tayari amelala: macho huhisi kama yamejaa mchanga, hutoa machozi mfululizo na hayavumilii hata mwanga wa kibatari. Vipande vya kiazi mviringo na matone ya maziwa ndiyo matibabu yaliyozoeleka miongoni mwa mafundi. Kiazi kibichi kinapoza, lakini hakiponyi chochote, na maziwa yasiyo safi huweza kuingiza vijidudu katika konea iliyokwisha kuchubuka. Kwa kawaida konea hujiponya ndani ya siku moja au mbili, na kule kupona kwa haraka ndiko kulikowafanya wengi waione ajali hiyo kuwa sehemu ya kazi. Madhara ya miaka mingi hayana huruma hiyo. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, katika tathmini iliyochapishwa mwaka 2018, liliiweka mionzi ya urujuanimno ya uchomeleaji katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu, kwa ushahidi unaohusu saratani ya ndani ya jicho.

Mgodi wa Mpanda ukiwa umekwisha kufungwa, mahitaji ya ufundi yaliongezeka kwa sababu nyingine. Mwaka 1972, mauaji yaliyotokea Burundi yalipowakimbiza watu wengi mno, makazi ya kilimo ya Katumba yalianzishwa katika eneo ambalo leo liko ndani ya Nsimbo, yakafuatiwa na Mishamo mwaka 1978. Watu waliopewa ardhi, mbegu na zana walihitaji mashine za kusaga, matela na zana zilizounganishwa upya kila msimu. Mwaka 1973 serikali ilianzisha Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, na mwaka 1974 Mpanda ikatolewa mkoa wa Tabora na kuwa sehemu ya mkoa mpya wa Rukwa. Miongo mingi baadaye, wakazi wa Katumba waliopewa uraia wa Tanzania walianza kukabidhiwa vyeti vyao mwaka 2014, na jambo hilo lina uzito katika historia ya uchomeleaji kuliko linavyoonekana, kwa kuwa mtu asiye na hakika kama atabaki au atahamishwa hafungi grili za chuma katika nyumba yake.

Kati ya matukio hayo kuna mwaka mmoja unaofaa kutazamwa kwa karibu. Mwaka 1981, nchini Sweden, kazi ya mvumbuzi Åke Hörnell ilileta sokoni kioo cha Speedglas, cha kwanza cha kuchomelea kinachojitia giza chenyewe, ambacho mafundi wa Tanzania wanakiita kioo cha otomatiki. Mwaka uleule Tanzania, iliyotoka katika vita vya Kagera na kukabiliwa na ukata mkubwa wa fedha za kigeni, ilitangaza mpango wa taifa wa kuuokoa uchumi. Tatizo la fundi wa Mpanda, lile la kutoona kabla ya kugusisha rodi, lilikuwa limepata ufumbuzi wake, lakini katika nchi ambayo hata rodi zenyewe ziliadimika madukani, kifaa cha bei ya viwanda vya Ulaya hakikuwa na njia ya kufika. Ulegezaji wa masharti ya kuagiza bidhaa ulioanza mwaka 1984, na mageuzi ya uchumi ya mwaka 1986, ulifungua mlango kwa bidhaa za nje, lakini kilichoingia kwanza katika karakana ndogo ni nyaya, vyuma na rodi. Mashine yenyewe mara nyingi ilisukwa hapahapa: fundi aliviringisha waya wa shaba kwenye bati za chuma cha transfoma, akapata mashine nzito ya kubebwa na watu wawili, isiyo na kidhibiti ila ncha kadhaa za kuchagua nguvu.

Udhaifu wa umeme ulizidisha madhara kwa njia ambayo si rahisi kuiona kwa aliye nje ya kazi. Kwa muda mrefu Mpanda haikuunganishwa na gridi ya Taifa na ilitegemea majenereta ya dizeli, huku vijiji vilivyoizunguka vikisubiri miradi ya Wakala wa Nishati Vijijini, ulioundwa chini ya sheria ya mwaka 2005. Umeme unapokuwa mdogo tao halishiki. Fundi hugusisha, linazimika, anagusisha tena, na kila mguso ni mmweko mpya. Aliyekuwa na umeme wa uhakika alipata mmweko mmoja kwa kila kiungo, na aliyekuwa na umeme hafifu alipata kadhaa. Hivyo sehemu iliyokuwa maskini zaidi kwa umeme ndiyo iliyohitaji zaidi kioo cha otomatiki, na ndiyo iliyokikosa.

Namna kioo hicho kinavyofanya kazi inahitaji kuelezwa, kwa sababu kukichagua vizuri kunategemea kuielewa. Ndani yake kuna karatasi mbili angavu za polaroidi, ambazo kila moja hupitisha mwanga unaotikisika kwa mwelekeo mmoja tu, zilizowekwa zikikingamana kama fito za ua. Katikati yake kuna tabaka jembamba la fuwele za kimiminika, yaani vitu vinavyotiririka kama maji lakini chembe zake zimejipanga kama fuwele. Vitu hivyo viligunduliwa na Friedrich Reinitzer mwaka 1888, na matumizi yake ya kuziba na kufungua mwanga kwa umeme yalibuniwa Uswisi mwaka 1970, yakazaa kwanza saa na kikokotoo. Fuwele zikiwa zimetulia huusokota mwanga kwa robo mzunguko, nao ukapenya karatasi ya pili; umeme mdogo ukizipitia hunyooka, mwanga ukazuiwa, kioo kikawa cheusi. Vihisi vidogo vilivyo pembeni hutambua tao linapowaka na kuamuru badiliko hilo, ambalo hata katika vioo vya bei nafuu hutokea ndani ya sehemu moja ya elfu kumi ya sekunde au upesi zaidi. Nje ya tabaka zote hizo kuna kioo kingine, kilichopakwa utando mwembamba wa metali, ambacho huzuia urujuanimno na joto la infraredi wakati wote, kioo kikiwa cheusi au angavu, chenye betri au kisicho na betri.

Hapo ndipo ulipo msingi wa uchaguzi. Wauzaji husifia kasi ya kujitia giza, na mnunuzi huilipia, lakini kasi hulinda dhidi ya kupofuka kwa muda na uchovu wa macho. Kinacholinda konea ni ule utando wa kudumu, ambao hauonekani wala haupimiki kwa kukielekeza kioo kwenye jua au kwenye rimoti ya televisheni dukani, kama wengi wanavyofanya. Majaribio hayo yanaonyesha tu kwamba vihisi viko hai. Habari ya utando hupatikana katika maandishi madogo yaliyochapwa kwenye kioo chenyewe, na fundi anayeweza kuyasoma ana faida kubwa. Kwa kiwango cha Ulaya cha EN 379, kilichotumika kwa miongo miwili kama kipimo cha soko la dunia, maandishi kama 4/9-13 yana maana kwamba kioo kikiwa angavu kina giza la namba 4, na kikijitia giza hufika kati ya namba 9 na 13. Kinachofuata ni alama ya mtengenezaji, kisha tarakimu nne zinazotenganishwa kwa mistari, kwa mfano 1/1/1/2, ambazo kila moja huanzia 1 iliyo bora hadi 3, zikieleza usafi wa taswira, utawanyikaji wa mwanga, usawa wa giza kutoka upande mmoja wa kioo hadi mwingine, na jinsi giza linavyobadilika fundi anapotazama kwa pembe. Kioo kisicho na maandishi ya kiwango chochote hakifai kwa bei yoyote. Kilicho nayo kinaweza kuwa cha kughushi, na kwa hiyo duka linalojulikana na lenye risiti lina thamani inayozidi punguzo dogo la bei.

Kwa kazi za Litapunga, ambazo nyingi hufanywa kwa rodi za geji 12, yaani milimita 2.5, na geji 10, zenye milimita 3.2, kwa umeme usiozidi ampea 130 hivi, giza la namba 10 au 11 hutosha, na hakuna sababu ya kulipia kioo kinachojigamba kufika 13. Kioo kisichorekebishika, kilichofungwa kwenye namba 11, mara nyingi ni nafuu zaidi na si kibaya. Kuna mambo mengine matatu yanayostahili pesa kuliko giza la ziada. La kwanza ni betri inayobadilishika: vioo vingi vina seli ya jua na betri ndogo ya mviringo, na pale betri ilipofungiwa ndani, kifaa chote hufa pamoja nayo, tena mara nyingi kwa kuchelewa kujitia giza kabla ya kunyamaza kabisa. La pili ni idadi na mahali pa vihisi, kwa sababu fundi anayechomelea ndani ya fremu ya tela au nyuma ya bomba anaweza kuvikinga vihisi viwili bila kujua, kioo kikafunguka katikati ya mshono, na hapo vinne ni bora. La tatu ni kitufe cha kurekebisha wepesi wa vihisi, ambacho katika karakana ya ndani hakina kazi kubwa, lakini chini ya mwembe, kwenye jua la Katavi, huamua kama kioo kitafanya kazi au kitabaki cheusi mchana kutwa.

Kwa aliye na kofia ya zamani, njia ya bei nafuu kabisa ni kununua kioo pekee. Kipimo cha milimita 108 kwa 51 kimekuwa cha kawaida tangu zama za kioo cheusi, na watengenezaji wengi, hasa wa China, hutoa vioo vya otomatiki vya kipimo hichohicho. Lakini kioo cha zamani kina unene wa milimita 3 hivi na hiki huwa kinene zaidi, hivyo fundi hana budi kwenda dukani na kofia yake mkononi, ahakikishe kwamba kishikilio kinakipokea bila kubakiza mwanya wa kupitisha mwanga, na kwamba kuna nafasi ya plastiki angavu ya nje, ambayo hupokea cheche na hubadilishwa ikichakaa. Kukibana kioo kwa nguvu au kuikata kofia kwa grenda ili kiingie huharibu vyote viwili. Kioo kisiachwe juani juu ya bati wakati wa mapumziko, kwani fuwele zake zimetengenezwa kwa joto lisilozidi nyuzi 55 hivi.

Swali la bei haliishii kwa fundi mwenyewe. Karakana ya kijijini ina angalau mtu mmoja anayeshikilia kipande, aitwaye saidia fundi, kijana anayejifunza kazi na ambaye kwa desturi hugeuza uso tu tao linapowaka, huku urujuanimno ukimfikia kutoka pembeni na kwa kuakisiwa na ukuta uliopakwa chokaa. Fundi anayetumia fedha zake zote kununua kofia moja ya kifahari amekinga nusu ya karakana. Fedha hizohizo zingetosha kioo cha otomatiki cha kawaida chenye alama sahihi kwa ajili yake na kofia ya kioo cheusi kwa msaidizi, na uchaguzi huo wa pili ni bora bila shaka yoyote.

Sheria haijawa na mkono mrefu wa kumfikia kijana huyo. Sheria ya Viwanda ya wakati wa ukoloni, iliyotungwa mwaka 1950, na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 iliyoirithi, inayosimamiwa na OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, zote zimeweka wajibu wa kinga hasa mabegani mwa mwajiri, na karakana ya barabarani kwa kawaida haina mwajiri anayejiona kuwa mwajiri: kuna fundi mkuu, kuna wanafunzi wake, na kuna mteja anayesubiri geti lake, mara nyingi akiwa amesimama hatua chache kutoka kwenye tao pamoja na watoto wake. Vyuo vya VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi iliyoanzishwa mwaka 1994, hufundisha uchomeleaji pamoja na kanuni za kinga, lakini wengi wa wanaofanya kazi hiyo waliipata kwa kumtazama aliyewatangulia, na pale ambapo aliyewatangulia alivaa miwani ya jua, hiyo ndiyo iliyokuwa elimu yao.

Mwaka 2021 Shirika la Kimataifa la Viwango lilitoa viwango vipya vya vikinga macho, ISO 16321, ambavyo sehemu yake ya pili inahusu uchomeleaji na ambavyo vinachukua nafasi ya viwango vya zamani vya Ulaya, kikiwemo EN 379. Kwa miaka kadhaa ijayo masanduku ya vioo katika maduka ya Mpanda yatakuwa na alama za aina zote mbili, ya zamani na ya mpya, na fundi wa Litapunga atakayekwenda kununua atahitaji kuzitambua zote.